Kwa Simaloi, Kuhusu Mzee wa Mtoni

Simaloi mwanangu,

Sitakuandikia habari za blanketi. Shangazi yako wa Bungoma ameshapiga simu jana na leo asubuhi, na baba yako amekuhubiria kuhusu kufunga mlango wa bweni mpaka nikakuonea huruma. Kama kwa umri huu bado hujui kuosha sufuria na kumkwepa mwanamume mwenye maneno matamu, barua haitakusaidia. Umeenda mjini kuwaaga rafiki zako, nyumba imetulia, na kabla hujarudi nataka nimalize kukuambia jambo ambalo nimelikalia tangu ulipokuwa darasa la sita.

Kesho unaenda Nakuru kusomea kilimo. Najua yaliyosemwa. Najua yule mama wa duka alikuuliza kama ulikosa alama za kusomea uuguzi. Najua pia kwamba mjomba wako Parsimei, ndugu yangu wa tumbo moja, alipopata habari alicheka mbele za watu akasema, "Msichana wa Kimaasai anaenda chuo kusomea jembe." Ulirudi nyumbani ukaniuliza, huku umeinama unafungua viatu, kama ni kweli sisi hatulimi. Nikakuambia ule, chakula kinapoa. Swali lako lilistahili jibu, na jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sisi tunalima. Tulilima kabla hao wanaocheka hawajazaliwa. Babu yangu mzaa baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchimba ardhi kwenye kona hii ya mto Kitengela, na shamba hili unalolijua, lenye mahindi na sukuma wiki, lililobanwa na kuta za mawe za majirani, ni lake. Wewe umemsikia akiitwa Mzee wa Mtoni. Hujawahi kusikia jina lake kwa sababu kwetu mtu akishakufa jina lake halitajwi. Ukimtaja umemwita, na aliyeitwa anaweza kuja. Ndivyo nilivyolelewa, na mpaka nikawa mama sikuwahi kulitamka jina hilo hata nikiwa peke yangu.

Nikueleze alivyoanza. Alipokuwa bado kijana, ukame ulimaliza ng'ombe wake wote. Mmaasai aliyefilisika namna hiyo huzunguka kwa jamaa zake, huyu anampa mtamba, yule anampa dume, anaanza upya. Si aibu, ni desturi, na wenzake walimngoja apite kwao. Hakupita. Alivuka akaenda upande wa Machakos, akafanya kazi kwa Mkamba mmoja, akarudi na jembe na mfuko wa mbegu, akaanza kuchimba hapa kando ya mto.

Wewe wa leo huwezi kujua lile lilikuwa tusi la kiasi gani. Nyasi ni za ng'ombe. Mtu akitaka kuomba amani hung'oa nyasi akazishika mkononi, na hata mwenye hasira lazima atulie. Sasa huyu anageuza udongo juu chini na kuzika nyasi ndani yake. Watu wa rika lake waliacha kunywa maziwa kwake. Wakamwita olmeeki, jina letu la mtu asiye Mmaasai, na halisemwi kwa kusifu. Siku moja walikuja wakaingiza ng'ombe katika mimea yake mpaka halikubaki hata shina. Nyanya yangu alisema hakugombana nao. Alingoja waondoke, akaokota jembe, akapanda tena.

Mvua ilipokosekana mara nyingine, wale wale waliwatuma wake zao na vikapu kuomba maharagwe, naye akawapa. Hapo ndipo ninapompenda babu yangu, na hapo hapo ndipo ninapomkasirikia, maana mimi nisingewapa mpaka waje waombe wenyewe.

Maharagwe hayo unayafahamu. Ni yale ya kwetu, nusu nyekundu na nusu nyeupe, ambayo ukiwa mdogo ulikuwa unayapanga mezani, nyekundu zote zikitazama upande mmoja. Yaweke akilini, nitayarudia.

Ulipoanza shule, Kitengela ilikuwa bado ni barabara na maduka machache, na punda milia walikuwa wakilala karibu na ua wetu wakitoka mbugani. Kisha ranchi zikagawanywa, kila mtu akapata hati yake, na mabroka wakaingia. Walikuja na magari, na miwani, na maneno laini. Leo jirani ameuza kipande, kesho ameuza kipande kingine, kesho kutwa unamkuta akiwa mlinzi kwenye geti la nyumba iliyojengwa juu ya malisho yake. Siwacheki. Wengine waliuza kwa sababu mtoto alikuwa hospitalini, na mimi sikuwa na cha kuwasaidia. Lakini wengine waliuza kwa sababu broka aliwaita "mheshimiwa," na hao nitawacheka mpaka nife.

Parsimei aliuza sehemu yake ya ranchi, ikaisha. Ndipo akageukia shamba la mtoni. Hati yake ilikuwa bado kwa jina la babu, kwa sababu baba yetu alifariki kabla ya kuibadilisha. Wakati ule sisi tulikuwa tumepanga nyumba mjini, baba yako akienda kazini Athi River kwenye saruji, na shamba tulilima mimi na mama yangu. Siku moja nilifika nikakuta vigingi vimepigwa katikati ya maharagwe. Nilimfuata Parsimei dukani alikokuwa amekaa.

"Vigingi ni vya nani?" nikamuuliza.

"Ya mteja."

"Mteja wa nini?"

"Dada, usilete kelele. Wewe uliolewa. Tena na olmeeki. Hii maneno ni ya wanaume wa hii boma."

Alisema hivyo mbele ya baba yako, aliyekuwa amesimama karibu nami na gunia la unga begani. Baba yako hakusema kitu. Alilishusha gunia polepole, akaliegemeza ukutani, akampa mjomba wako mkono wa kwaheri kwa heshima zote. Nilimkasirikia njia nzima. Siku hizi najua kwamba kuna watu wanaonyamaza kwa woga na watu wanaonyamaza ili wasikuharibie kesi. Baba yako ni wa pili, ingawa nilichelewa kumwelewa.

Nilipanda gari nikaenda Kajiado kwenye ofisi ya ardhi. Karani wa pale, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia shamba haliuzwi bila ruhusa ya bodi, na bodi itauliza kama familia imekubali.

"Lakini ukisimama peke yako," akasema, "watasema ni dada mwenye wivu. Lete watu wa huyo mzee. Watoto yake, wajukuu, wote wenye unaweza kupata."

Basi nikaanza kuwatafuta watoto wa mtu ambaye jina lake halitajwi. Jaribu uone. Unafika kwa wazee unasema, natafuta jamaa za yule aliyelima mtoni. Wanakuuliza yupi. Unasema yule mrefu, yule aliyekataa kuomba ng'ombe, mume wa wale wake wawili. Wanatazamana, wanakumbuka, halafu wanakutazama wewe kama umeleta kitu kinachonuka. Hata hivyo nilipata habari kidogo kidogo. Nyumba ya mke mkubwa ilitoa watu walioko Kiserian, nyumba ya mke mdogo, ambayo ndiyo yetu, ilitawanyika hadi Bisil.

Na hapa nilifanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Nilitafuta wanaume. Mimi, mwanamke, niliyekuwa nimetoka kuambiwa kwamba sihesabiwi, nikaenda nikahesabu kwa kipimo kile kile. Kila nilipofika niliuliza, mzee alikuwa na vijana wangapi, na vijana wake wako wapi. Nikazunguka kiangazi kizima nikigonga milango ya wana wa wana. Kiserian nilimkuta binamu yangu mmoja akichonga mawe machimboni, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alikuwa ameshauza kwake. Aliniletea chai, akanisikiliza vizuri, akasema Parsimei alishapita na yeye alishasema ndiyo. Nilipotoka huko nilienda kwa mwingine, naye Parsimei alishapita. Ndugu yangu alikuwa mvivu wa kulima lakini hakuwa mvivu wa kutembea.

Jioni moja nikiwa nimekufa moyo, baba yako aliniuliza, akiwa anakutengenezea kalamu ya rangi kwa wembe, "Kwani mzee hakuzaa wasichana?"

"Hao waliolewa," nikamjibu.

"Hata kwetu walioolewa hatuwahesabu sana," akasema, "lakini kukiwa na shughuli huwa tunawaita."

Nilimwambia hajui mambo ya Wamaasai. Nililala nimempa mgongo. Ninakuandikia hili si ili unihurumie bali ulijue mapema: unaweza kubeba jiwe ulilorushiwa, ukaenda nalo ukaligeuza kipimo chako, na usijue.

Wa mwisho katika wanaume alikuwa Kasaine, binamu yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nilimfuata Bisil siku ya mnada. Nilimpata katikati ya ng'ombe na kelele, fimbo kwapani, akipapasa nundu ya fahali. Hakumwacha fahali huyo hata alipokuwa anazungumza nami.

"Dada, hii maneno iko kwa Parsimei. Mimi nilishamaliza."

"Hata kunisikiliza?"

"Nikusikilize niambie watu nini? Ati nilishikwa na mwanamke mnadani?"

Nikamwacha. Niliingia hoteli ya mabati iliyokuwa karibu, nikaagiza chapati, na nilikuwa nakaribia kulia, nikisema ukweli. Wakaniletea chapati na maharagwe. Nusu nyekundu, nusu nyeupe. Niliyatazama muda mrefu mpaka kijana aliyeniletea akaniuliza kama kuna nzi.

"Haya mmetoa wapi?"

"Ya kokoo mwenye anauzanga hapo nyuma ya mbuzi."

Kokoo ni bibi kwa Kimaa, kama unavyomwita mama yangu. Nilitoka bila kumaliza chakula. Nyuma ya zizi la mbuzi alikuwa ameketi mwanamke mzee, masikio yamejaa shanga, mbele yake gunia dogo limefunguliwa mdomo. Niliinamisha kichwa kama mtoto, akanigusa utosini.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia.

"Wewe ni wa nani?"

"Ni wa mtoni. Kitengela."

Alinishika kidevu akaninyanyua uso, akanigeuza huku na huku kama anayeangalia kama kibuyu alichoazimisha kimepasuka. "Uko na uso ya baba yangu," akasema.

Huyo ndiye shangazi Nolari, dada wa baba yangu. Aliolewa nikiwa sijazaliwa, na katika maisha yangu yote hakuna aliyenitajia kwamba yupo. Alinipeleka kwake kwa miguu. Nyuma ya nyumba, pale maji ya kunyweshea mbuzi yanapomwagika, alikuwa na bustani ya ukubwa wa shuka mbili. Ndiyo maharagwe yale. Nikamuuliza aliyapataje.

Aliniambia kwamba siku ya kuolewa kwake, vibuyu vyake vya maziwa vikiwa tayari vimepangwa, baba yake alichukua kibuyu kidogo kuliko vyote. Akakiosha, akakikausha juu ya moshi, akakijaza mbegu, akafunga mdomo kwa ngozi. Watu walikasirika, maana bibi arusi hutoka na maziwa, hatoki na chakula cha watu wa nje. Yeye akamwambia binti yake hivi, na shangazi alinisemea polepole ili nisikie vizuri: "Maziwa utayapata huko. Hii hutaipata."

"Ukafanya nini?"

"Mama mkwe akamwaga. Mimi nikaokota usiku, moja moja."

"Ni wewe peke yako ulipewa?"

"Wote. Hata wa mama ule mwingine. Kila msichana alitoka na yake."

Nikamuuliza ni wangapi na wako wapi. Akacheka akaniambia watu hawahesabiwi kama mbuzi, ila kama miguu yangu ni mizima atanionyesha.

Simaloi, tulitembea. Tulipanda magari na tulipanda punda, na mahali pengine hapakuwa na la kupanda. Wengine wa mashangazi walikuwa wamekufa lakini binti zao walikuwepo, na binti za binti zao. Hatukuhitaji kutaja jina la mtu. Tuliangalia nyuma ya nyumba. Isinya, maharagwe. Kando ya barabara ya Namanga, kwa mama mmoja mlokole aliyekuwa akiyapanda kwenye makopo ya rangi, maharagwe. Na Kiserian, Simaloi, ua wa tatu kutoka kwa yule binamu mchonga mawe niliyembembeleza, yalikuwa yamepanda juu ya seng'enge yote. Nilikuwa nimepita mbele ya ua huo nikienda na nikirudi, macho yakitafuta nyumba za wanaume. Nilikaa chini pale njiani nikacheka mpaka shangazi Nolari akadhani nimeshikwa na ugonjwa.

Vijana wa mzee walirithi ng'ombe aliowapata baadaye wakauza, walirithi ardhi wakauza. Wasichana walirithi kibuyu, na hakuna aliyekipoteza. Sikuambiwa hilo na mtu, nililiona mwenyewe.

Niliwaomba waje Kajiado siku ya bodi. Waliniuliza watasema nini, wao ni wanawake na hata Kiswahili chao ni cha kubahatisha. Nikawaambia wasimame tu.

Siku hiyo wewe ulikuwa shuleni. Chumba cha bodi kilikuwa kidogo, na mwenyekiti alikuwa mtu wa serikali kutoka mbali, mwenye haraka. Parsimei alikaa mbele na mteja wake, na Kasaine, na wengine wa upande wao, wamevaa makoti. Wanawake wangu walikaa nyuma na mlangoni na nje ya dirisha, na mikufu yao ikilia kila mmoja akijisogeza. Mwenyekiti alifungua faili.

"Mwenye hii shamba ni nani?"

"Ni babu yetu, marehemu," akasema Parsimei.

"Jina."

Parsimei akatazama sakafu. Kasaine akatazama sakafu.

"Jina liko hapa kwa faili," mwenyekiti akasema, "mimi nimesoma. Nataka kujua kama nyinyi mnamjua. Ama mnauza shamba ya mtu hamjui?"

Hakuna aliyefungua mdomo. Nami nilijua vizuri kwa nini, maana ulimi wangu pia ulikuwa umekufa. Nilimwona shangazi Nolari akijifunika mdomo kwa shuka. Wote katika chumba kile tulilijua jina, na wote tulikuwa tayari kulipoteza shamba kuliko kulisema. Nikapiga moyo konde nikasimama.

"Lekishon," nikasema. "Alikuwa anaitwa Lekishon. Alilima hapo kabla ya mtu yeyote. Mimi ni mjukuu wake."

Mzee mmoja karibu na dirisha alijitemea mate kifuani kujikinga. Parsimei aligeuka akanitolea macho, na usoni mwake sikuona hasira, niliona hofu ya kweli, ile ya tulipokuwa watoto na fisi amekuja karibu na boma. Mwenyekiti hakujua kilichotokea. Aliandika, kisha akauliza, "Wengine wa huyu Lekishon ni akina nani?"

Shangazi Nolari akasimama. Akafuata yule mlokole wa makopo. Wakasimama wote, wa ndani na wa mlangoni, na wale wa nje wakainua mikono dirishani, wengine na watoto mgongoni. Parsimei alisema hao waliolewa, si watu wa boma. Mwenyekiti akamwuliza kama kuolewa kulibadilisha baba yao. Kisha akafunga faili akasema bila hao wote kukubali, shamba halitauzwa, na akamwita mwenye kesi nyingine.

Hapo ndipo watu hupenda hadithi iishe. Haikuisha hapo. Nje, chini ya jua, Parsimei alinijia karibu akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemwita. Akija, atakuja kwako." Hajaniita dada tangu siku hiyo. Alipomtahiri kijana wake sikualikwa, nilisikia nyimbo nikiwa huku shambani. Nilimlea yule ndugu yangu mgongoni, Simaloi. Nilikuwa namtafunia nyama akiwa hana meno. Inaniuma, inaniuma hata leo ninapoandika, na nisingependa udhani mama yako ana moyo wa mawe.

Kisha ukaja ule ukame mbaya, wafugaji wakafikisha ng'ombe mpaka katikati ya Nairobi wakilisha kando ya barabara za mjini. Ng'ombe wetu walikufa, na wa Parsimei pia, na wa watu ambao hawakunijua. Lakini kwa vinywa vya watu, ni mimi niliyewaua, kwa sababu nilimwita mfu. Kanisani mama mmoja alihama benchi. Wewe ulikuja kutoka shule ukiniuliza kwa nini watoto wanasema mama yako anaita mizimu, nami nikakuambia ni ujinga wa watoto na nikakukataza kuuliza tena. Hapo nilikosea. Niliweza kusimama mbele ya bodi nzima nikashindwa kusimama mbele ya mtoto wangu wa darasa la sita.

Nakujibu sasa. Lekishon hakuja. Ni mvua ndiyo haikuja. Wakati wanaohama mabenchi walikuwa wanahesabu mizoga, mimi na mama yangu tulikuwa tukichota maji mtoni kwa mitungi na kumwagilia mistari yetu, na mama yule wa benchi alikuja na kikapu. Nilimpa. Nilimfanya angoje kidogo kwanza, lakini nilimpa.

Siombi msamaha kwa kulitaja jina lile, na nikizaliwa tena nitalitaja mapema zaidi. Tunawanyamazia wafu wetu kwa heshima, halafu mtu mwenye koti anakuja anawauza katika huo ukimya. Heshima gani hiyo? Mimi niliona ni afadhali anijie aniulize kwa nini nimemwita, nimwonyeshe maharagwe.

Parsimei amenitumia maneno juzi kwa mtoto wake kwamba bodi hubadilika, na mimi sitaishi milele. Ni kweli, yote mawili. Mama yangu amezeeka, shangazi Nolari tumemzika mwaka jana, na mteja bado anapita na gari akipunguza mwendo kwenye ua wetu. Sikuombi urudi kuishi hapa. Ukitaka kuolewa Kisumu, olewa. Ukitaka usiolewe, kaa hivyo hivyo. Ila siku watakapoitwa tena watu wa shamba hili, mahali popote ulipo, panda gari uje usimame. Wakikuambia wewe ni mtoto wa olmeeki, waambie ndiyo, na babu wa mama yako walimwita hivyo hivyo. Hapa kwetu uko nyumbani kwa pande zote mbili.

Na darasani huko Nakuru, mwalimu akisema kwamba jamii fulani hazina desturi ya kilimo, nyoosha mkono. Usipige kelele. Nyoosha tu mkono mpaka akuone.

Ukifungua begi lako chini ya zile nguo ambazo shangazi yako wa Bungoma ameniamuru nizikunje upya, utakuta kibuyu kidogo kimefungwa kwa ngozi. Ni kile cha shangazi Nolari, aliniachia. Nimekiosha na kukikausha juu ya moshi leo asubuhi mkiwa sokoni, ndiyo maana jiko lilikuwa linanuka na nyinyi mkanilaumu kwamba nimeunguza maziwa. Mabinti wa Lekishon walipewa vibuyu kama hiki wakienda kuolewa. Wewe huendi kwa mume, unaenda shule, na hakuna mzee yeyote niliyemwomba ruhusa. Elimu utaipata huko. Hii hutaipata.

Nasikia geti. Ni wewe, na unaimba, na baba yako anakuambia upunguze sauti. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya kiatu chako cha kushoto, ambapo hutaiona mpaka ufike.

Mimi mama yako,

Nasieku, mjukuu wa Lekishon, mkulima.